Mtoto aandike yake: maswali kutoka Tanga na majibu

Safu iliyopita niligusia jambo la watoto wa darasa la kwanza hadi la nne kuandika visa vya kweli vya maisha yao wenyewe, mbali na hadithi za sungura na fisi. Maswali yamekuja mengi, ya walimu na ya wazazi, na hata bibi mmoja ameuliza. Nimechagua haya, nimeyafupisha kidogo, na majina nimeyaondoa. Tanga ni mji ambao mtu wa Barabara ya 12 anamjua shangazi wa mtu wa Chumbageni, hivyo tusitafutiane maneno.

Shikamoo Mwalimu. Nafundisha darasa la tatu, Makorora. Muhula uliopita tuliwapeleka watoto Mapango ya Amboni. Tuliporudi nikawaambia waandike kuhusu safari ile. Wote wameamka asubuhi, wote wamepiga mswaki, wote wamekunywa chai, wote wamepanda basi, wote wamerudi nyumbani wakalala. Pango lenyewe limepata sentensi moja. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Watoto wako wamekutii, hilo ulijue kwanza. Umewaambia waandike safari, na kwa mtoto wa miaka tisa safari inaanzia kitandani na kuishia kitandani. Kichwa ulichowapa ni kipana mno. Ndani ya siku ile mna visa hamsini, na wao wamejaribu kuvibeba vyote kwa ukurasa mmoja.

Wape kipande kidogo. Waambie: andika pale ulipoingia gizani, basi. Nje kulikuwa na jua, umeinama, umeingia, umekuwa huoni. Ulishika mkono wa nani? Kulinuka nini? Popo walipopita, nani alipiga yowe la kwanza? Mwongozaji alipomulika tochi ukutani, uliona nini ambacho mwenzako hakukiona? Mtoto akijibu maswali mawili tu ya namna hiyo ameshapata aya nzima, na aya yake haitafanana na ya jirani yake wa dawati.

Lakini kabla ya penseli kuna mdomo. Hapa ndipo walimu wengi tunaporuka hatua, kwa sababu darasa linaloongea linaonekana halifundishwi na mkuu wa shule akipita dirishani atauliza. Wakalishe wawili wawili. Mmoja asimulie, wa pili asikilize, na kazi ya msikilizaji iwe moja tu: kuuliza swali la jambo ambalo hakulielewa au analotaka kulijua zaidi. Kisha wabadilishane. Dakika kumi zinatosha. Mtoto akishasimulia kisa chake, akaulizwa, akakisimulia tena, sentensi zimeshajipanga kinywani, na mkono unakuja kuzifuata. Mtoto aliyepewa karatasi tupu akiwa hajasema neno anafanya kazi mbili kwa mpigo: anatafuta cha kusema na anatafuta namna ya kuandika herufi zake. Ndiyo maana anakimbilia mswaki. Mswaki anaujua.

Jambo la pili: andika na wewe, ubaoni, wakikuona. Popo alipokupitia sikioni ulijikaza kwa kuwa u mwalimu, au uliruka? Walikuwapo, kwa hiyo andika kweli. Andika sentensi, ifute nusu, iandike upya, sema kwa sauti kwa nini umeifuta. Watoto wengi wanaamini kwamba mtu mzima akiandika haikosei kalamu yake, na imani hiyo ndiyo inayowafanya wakae na penseli mdomoni.

Mswaki usiupige marufuku. Waambie tu kwamba ukikatika mdomoni, ukauazima wa kaka yako kwa siri, huo andika. Usipokatika, uache bafuni.

Mwanangu wa darasa la nne kaambiwa aandike "Siku nisiyoisahau". Anasema yeye hana. Hajapata ajali, hajafiwa, hajapanda ndege. Jirani kanishauri nimtungie ajali ya basi pale stendi ya Kange. Nimtungie? (Mama, Sahare)

Usimtungie. Pale Kange panatosha na vurugu zake za kila siku bila kuongezewa ajali ya karatasi.

Kichwa hicho nimekichoka, nasema wazi. Kimewafundisha watoto kwamba kinachostahili kuandikwa ni balaa. Ndiyo maana katika madaftari yetu mabibi wanakufa kila muhula, na wengine mnawaona wakiuza vitumbua asubuhi yake. Mtoto wako yeye kakataa kusema uongo, nawe umpongeze, kisha umsaidie kuona kwamba siku isiyosahaulika yaweza kuwa siku ndogo.

Njia rahisi ninayoijua ni kovu. Mwambie akuonyeshe kovu lolote mwilini mwake na akueleze lilivyopatikana. Magotini mwa watoto wa Tanga nusu ya makovu yametokana na baiskeli, tena ile ya mtu mzima, mtoto akapitisha mguu katikati ya fremu kwa kuwa juu ya kiti hafiki. Nani alikuwa akimshikia? Alijuaje kwamba ameachiwa? Alilia pale pale, au alipofika nyumbani akamwona mama? Hicho ni kisa kamili. Kina mwanzo, kina jambo linaloharibika, kina mwisho. Juu yake anaweza kuandika "Siku nisiyoisahau" bila kumwua mtu.

Kama hana kovu (sijamwona bado mtoto huyo), muulize mara ya kwanza: mara ya kwanza kutumwa dukani peke yake, mara ya kwanza kuachiwa mdogo wake amlinde, mara ya kwanza kuogelea Raskazone maji yakamfika kidevuni, siku aliyopoteza chenji akarudi nyumbani kwa njia ndefu. Usimwambie "fikiria". Mwambie "nisimulie", kisha wewe endelea na kukuna nazi. Mtoto husema zaidi mtu asipomkodolea macho.

Binti yangu yuko darasa la tatu. Kila sentensi yake inaanza na "halafu". Namchapa makofi ya mezani lakini haachi. (Baba, Duga)

Baba, meza haina kosa. "Halafu" ni dalili njema: mtoto ameelewa kwamba kisa hufuata mpangilio wa matukio. Kinachomkosa ni kujua kwamba Kiswahili chenyewe kimeshampa kiungo, tena anakitumia kila siku akisengenya na wenzake. Ni ile "-ka-".

Chukua kisa chake kama kilivyo. Tuseme ameandika hivi: "Siku moja nilienda Mgandini na bibi. Halafu tulinunua nazi. Halafu tulinunua mchicha. Halafu mvua ilinyesha. Halafu tulijificha. Halafu bibi alicheka." Mwambie akusomee, kisha umwombe asimulie bila karatasi. Utasikia: "Nilikwenda Mgandini na bibi, tukanunua nazi, tukanunua mchicha, mvua ikaanza kunyesha, tukakimbia tukajificha." Umeona? "Halafu" zimekwenda zenyewe. Kitenzi cha kwanza kina "-li-", kinatuambia mambo haya yamepita. Vinavyofuata vinashika "-ka-" na kila kimoja kinamvuta mwenzake. Darasani huwa mchezo mzuri sana: mwalimu anatoa sentensi ya kwanza yenye "-li-", kila mtoto kwenye dawati anaongeza kitenzi kimoja cha "-ka-", anayekwama anaanza upya. Hawatambui kwamba wanajifunza sarufi.

Akishaizoea mpe ya pili, kwa jambo lililokuwa likiendelea wakati jingine linatokea: "Tulipokuwa tukitoka sokoni", "Bibi alikuwa akihesabu pesa". Ukiweka hiyo mahali pamoja au pawili, kisa kinapata nafasi ya kupumua, kwa maana "-ka-" tupu kuanzia juu hadi chini nazo huchosha. "Halafu" moja ibakie, pale panapokuja jambo ambalo msomaji hakulitarajia.

Sasa rudi kwenye ile sentensi ya mwisho. Bibi alicheka nini? Hapo ndipo kisa kilipolala na mtoto amepita juu yake. Muulize. Pengine atakuambia bibi alijifunika kapu kichwani kujikinga na mvua, akasahau kwamba nazi zilikuwa ndani. Baba mzima, unahangaika na "halafu" tano na hukuuliza hilo?

Darasa langu lina watoto 92. Haya mambo ya kuzungumza na kila mtoto ni ya shule za kulipia. (Mwalimu, Pongwe)

Huna haja ya kunishawishi. Serikali yenyewe imeweka kiwango cha watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na wewe unao mara mbili ya hapo. Lakini angalia unachofanya sasa: unakusanya madaftari 92, unayabeba nyumbani, unaweka vema na vikosa, unarudisha baada ya wiki mbili, watoto wanatazama alama na kufunga daftari. Kazi ni kubwa na faida ni ndogo.

Gawa darasa mafungu matano, kila fungu na siku yake. Jumatatu unasoma madaftari ya fungu la kwanza tu, tena wakati wengine wanaandika, ukipita dawati kwa dawati. Huandiki maoni marefu. Unauliza swali moja kwa mdomo, mtoto anaongeza sentensi moja au mbili, unaondoka. Daftari 18 au 19 kwa siku zinawezekana, na kila mtoto anaonwa mara moja kwa wiki. Wengine wote wanasomeana wawili wawili kama nilivyomweleza mwenzako wa Makorora. Mwanzoni kutakuwa na kelele za soko. Wiki ya tatu zinapungua.

Na si lazima kila kisa kisahihishwe. Kwa mwezi mtoto aandike vinne vifupi, achague kimoja akiandike upya vizuri kwa mwandiko safi, hicho ndicho ukipe alama. Nusu ukurasa kwa darasa la tatu inatosha.

Na makosa ya tahajia je? Yanaumiza macho.

Yanaumiza, kweli. Darasa la pili wanaunganisha yasiyoungana ("kwasababu", "yabibi"), wanatenganisha yaliyoungana ("nili po fika", "nika mwambia"), na "h" wanaipoteza au kuibandika wanapotaka. Hiyo ya "h" usiiache muda mrefu, maana "akuja" badala ya "hakuja" inamleta mgeni ambaye hakufika.

Lakini chagua kosa moja kwa wiki na ulifundishe darasa zima ubaoni. Siku mtoto anapoandika kisa kwa mara ya kwanza usishike kalamu nyekundu kabisa. Soma kisa, kisha uulize kisa. Tahajia ina siku yake, na imla bado ipo.

Mtoto wa darasa la pili ameandika kwamba baba yake humpiga mama usiku, na kwamba yeye huingia chini ya kitanda. Nimekaa na daftari hili siku mbili. Nimwite mzazi? (Mwalimu, jiji la Tanga)

Swali hili ndilo zito kuliko yote, na nakushukuru kwa kulileta. Ukimwambia mtoto aandike maisha yake, uwe tayari kwamba baadhi ya watoto watakutii.

Daftari hilo lisisomwe mbele ya darasa, lisipite mkononi mwa mtoto mwingine, lisijadiliwe chumba cha walimu wakati wa chai. Zungumza na mtoto peke yenu, mahali mnapoonekana lakini hamsikiki. Mshukuru kwa kuandika. Usimhoji kama polisi na usimwahidi kwamba hutamwambia mtu yeyote, kwa sababu huenda usiweze kuitimiza. Muulize tu kama na yeye hupigwa, na kama usiku huo huwa ana pa kukimbilia.

Usimwite baba. Wengi hufanya hivyo kwa nia njema, baba anafika shuleni kwa adabu zote, "samahani mwalimu, tutarekebisha", na usiku mtoto analipa. Nenda kwa mwalimu wa malezi na mkuu wa shule, kisha suala lifike kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake, na mwalimu ni mwanajamii. Ipo pia namba ya huduma kwa mtoto, 116, na kuipiga hakuna malipo. Siku mbili zimeshapita. Usiongeze ya tatu.

Kwa walimu wengine wote: kabla ya kuanza kazi hii waambieni watoto mapema kwamba kila mmoja anachagua mwenyewe kama kisa chake kisomwe kwa sauti. Anayekunja kona ya ukurasa, kisa chake ni cha mwalimu tu. Kanuni hii mkiivunja mara moja mtapata mswaki na chai mpaka wamalize shule ya msingi.

Mwanangu kaandika kwamba kavua papa Deep Sea. Hajawahi kuvua hata dagaa. Nimwache?

Kama mwalimu aliomba kisa cha kubuni, mwache na papa wake, tena amnenepeshe. Kama aliomba kisa cha kweli, mwambie papa aingie kwenye daftari la hadithi. Kisha umpeleke Deep Sea alfajiri vyombo vinapoingia, mkasimame pale kwenye mnada wa samaki, arudi na kitu alichokiona kwa macho yake. Asipokumbuka neno kwa neno mtu alivyosema, anaruhusiwa kuandika kama anavyokumbuka. Huo si uongo. Sisi wazima nasi ndivyo tunavyosimulia.

Nafundisha kijijini, wilaya ya Muheza. Nyumbani watoto wanazungumza Kibondei. Kisa chao kikiwa na maneno ya nyumbani nikate?

Wakiwa wawili wawili wanasimuliana, waache wasimulie kwa lugha inayowatoka. Wakiandika, waandike Kiswahili, maana ndiyo kazi ya darasa na ndiyo watakayopimwa nayo. Ila maneno aliyoyasema bibi yabaki kama alivyoyasema, ndani ya alama za kunukuu, na mtoto aeleze maana yake kwa sentensi inayofuata. Mtoto anayeandika kuhusu machungwa ya shamba lao na kumfanya bibi aongee Kiswahili cha taarifa ya habari ameandika kuhusu bibi wa mtu mwingine.

Je, kuna mtu wa huku kwetu aliyeandika maisha yake, tuwaonyeshe watoto kwamba inawezekana?

Yupo, na ni wa huku huku. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, kusini ya mji wa Tanga, akawa karani wa serikali wakati wa Mwingereza, akaandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili: kazi yake, ndoa zake, watoto wake. Alifariki mwaka 1962. Lugha yake ni nzito kwa darasa la tatu, msiwalazimishe kuisoma. Lakini kumwambia mtoto wa Machui au Tongoni kwamba mwandishi huyu mkubwa alizaliwa mwendo wa baiskeli kutoka nyumbani kwao, na kwamba aliona maisha yake yanafaa kuandikwa, haichukui dakika mbili.

Salaam mwalimu. Mimi ni bibi, nalea wajukuu wawili, na shule yangu iliishia darasa la nne la zamani. Macho nayo hayaoni vizuri. Nitawasaidiaje?

Shikamoo bibi. Wewe una kitu ambacho mimi sina, nacho ni jioni. Wakimaliza kuoga, mmoja akusomee alichoandika. Usijali tahajia, huioni na si kazi yako. Ukifika mahali hukuelewa, msimamishe: "Ngoja, huyo aliyekuja ni nani? Alitokea wapi?" Ukifika mahali pamekuchekesha, cheka. Mtoto atajua mwenyewe pa kuongeza na pa kuacha. Nawe usimulie: siku uliyoletwa Tanga mara ya kwanza, au kazi ya mkonge kama uliwahi kuifanya au uliwaona wazazi wako wakiifanya. Usisimulie maisha yote. Simulia siku moja. Watasikia jinsi unavyoanza, unavyomfanya mtu asubiri, unavyoachia hapo hapo, na wataiba.

Jambo moja tu: akisimulia yeye kisa cha nyumbani na akakikosea, usimkatize kwa "siyo hivyo, ilikuwa Jumanne". Jumanne inaweza kungoja.

Kuna mwalimu anatoa tuition ya insha, analipisha kwa mwezi. Nimpeleke mtoto wa darasa la pili? (Baba, Chumbageni)

Uliza kwanza anafundisha nini. Kama anawakaririsha mianzo ("Ilikuwa ni siku ya Jumamosi tulivu, ndege wakiimba matawini"), zihifadhi pesa zako. Watoto arobaini wa mianzo hiyo nimeshawasoma, na Jumamosi zao zote zina ndege wale wale. Nunua daftari la kurasa 64 lisilo la somo lolote, penseli mbili na kichongeo. Mwambie daftari hilo ni lake, hutalifungua bila ruhusa. Na kweli usilifungue.